Amani, Mlima wa Miti Yenye Majina

Msafiri atokaye Tanga kwa motokaa, akapita Muheza na kuishika barabara ya Milima ya Usambara, husafiri kwanza kati ya minazi na michungwa. Afikapo Sigi, ambapo reli ndogo ya Wajerumani ilikuwa na kituo chake cha mwisho, joto la pwani huanza kumwacha. Toka hapo barabara hupanda kwa kona nyingi ndani ya mwitu mpaka Amani, kiasi cha mita 900 juu ya bahari. Huko ukungu hutanda asubuhi, na miti ni mirefu hata mtu ainuapo macho haoni vilele vyake.

Mgeni hudhani kwamba miti yote hiyo imeota yenyewe tangu zamani, lakini sivyo. Katika mwaka 1902 serikali ya Wajerumani iliweka hapo kituo cha kuchungua mimea na kilimo. Wataalamu wakaleta mbegu na miche kutoka pande nyingi za dunia: mikwinini, mikafuri, midalasini na mingine mingi, wapate kujua ni mti gani utakaofaa katika nchi hii. Vita vya 1914 vilipofunga njia za bahari, magome ya mikwinini ya Amani yalitoa dawa ya kutibu homa ya malaria.

Hata hivyo, kazi ya Amani iliyodumu kuliko zote ilikuwa ya kukusanya mimea ya mwitu. Kazi hiyo haina makeke. Mkusanyaji hukata kitawi chenye majani, maua au matunda, akakilaza katika kurasa za gazeti kuukuu, akakibana kati ya mbao hata kikauke. Kisha hukibandika juu ya karatasi ngumu na kuandika kando yake mahali kilipopatikana, tarehe, hali ya ardhi, rangi ya ua, na jina ambalo wenyeji huliita. Karatasi ya namna hiyo ikitunzwa vizuri na kuepushwa na wadudu, huweza kusomwa hata baada ya miaka mia moja.

Jina la wenyeji halikuandikwa kwa kupamba karatasi. Bwana P. J. Greenway, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Amani katika siku za Waingereza, alitoa katika mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, pamoja na majina yake ya elimu na ya Kiingereza. Faida yake mkulima aweza kuiona katika mboga yake mwenyewe. Neno mnavu hutumika kwa mimea kadha wa kadha ifananayo, wala sifa za mmoja si lazima ziwe sifa za mwenzake. Mtu akisema tu kwamba mnavu ni chakula kizuri, au kwamba mnavu ni dawa, mwenzake wa wilaya nyingine aweza kuchuma mmea usio huo, na pengine akadhurika. Jina la elimu huwaonyesha wote wawili mmea mmoja.

Katika mwaka 1950 hazina hiyo ya mimea mikavu ilihamishwa kutoka Amani hadi Nairobi, na Bwana Greenway akahama pamoja nayo. Leo imo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kutokana na karatasi hizo, na nyingine zilizotunzwa Kew, Uingereza, na kwingineko, wataalamu waliandika kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Sehemu zake za kwanza zilitoka mwaka 1952, na za mwisho mwaka 2012. Miaka 60 ilipita, na wengi walioianza kazi hawakuuona mwisho wake. Mimea iliyohesabiwa ni aina 12,104.

Lakini Amani ina fundisho jingine, nalo ni chungu. Mmoja wa miti iliyoletwa mlimani mwanzoni mwa karne ya 20 ni ule ambao watu wa Uganda huuita musizi. Hukua upesi na mbao zake hutumika. Ndege aitwaye hondohondo hula matunda yake na kuzitawanya mbegu mbali. Viwanda vya mbao vilipoikata miti mikubwa ya asili, hasa katika miaka ya 1970, musizi uliingia katika nafasi zilizoachwa wazi, ukaenea hata ukaisonga miti ambayo wengine wake hawaoti popote duniani ila katika milima hiyo. Hivyo mahali palepale palipofundisha majina ya mimea ndipo palipotoka mgeni wa kuitaabisha.

Mwaka 1997 mwitu wa Amani ulitangazwa kuwa hifadhi inayolindwa kwa sheria. Hilo ni jambo jema, lakini sheria peke yake haijui mti. Mkulima ajuaye majina ya miti ya kwao, akawafundisha watoto wake, huijua pia tofauti ya mwenyeji na mgeni. Karatasi za Nairobi zaweza kutuonyesha mti ulivyokuwa. Haziwezi kuuotesha tena ukiisha kutoweka.