Gari Letu la Kubebea Nguo za Harusi, na Namna Tunavyolitunza Wenyewe



Leo hatuzungumzii hina wala singo wala mtindo mpya wa shela. Leo tunazungumzia rejeta. Msicheke. Biharusi wa Nungwi haimsaidii kitu kwamba nguo yake imetariziwa kwa mkono wiki tatu, ikiwa saa kumi na moja jioni nguo hiyo iko kando ya barabara ndani ya gari lililochemsha, na yeye yuko chumbani na kanga, uso umeshapambwa, anasubiri.

Sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Duka letu la kushona na kukodisha nguo za harusi liko Mjini, lakini kazi yetu nyingi iko shamba: Nungwi, Mkokotoni, Chwaka, Makunduchi. Daladala halifai kwa nguo nyeupe yenye mkia wa mita tatu, na teksi ya kwenda na kurudi inakula faida yote. Kwa hivyo tulinunua Suzuki Carry ya mtumba, hii ambayo wenzetu wa bara wanaiita kirikuu, na siku hizi hata sisi tunaiita hivyo. Injini yake ni silinda tatu, sisi 660 tu, na imelala chini ya viti. Ukitaka kuitazama unanyanyua kiti ulichokalia.

Sehemu ya nyuma tumeitengeneza wenyewe. Kijana wa kuchomelea mtaani kwetu alitufungia fremu ya vyuma vya skwea kwa vipimo vyetu, sakafu tukaweka plaiwudi, na turubai tukalishona sisi kwa sindano namba 18 na uzi wa nailoni. Mshono ni wa kukunja mara mbili kama wa jinzi. Hata hivyo mvua ya masika ilipita kwenye matundu ya sindano, mpaka tulipopaka nta ya mshumaa juu ya mishono yote na kuiyeyusha kidogo kwa joto la pasi. Fimbo ya kutundikia tumeikalisha upana wa gari. Ingekaa urefu, kila breki ikikanyagwa hanga zote zingekimbilia mbele na lesi zingesagana. Ndani kote tumetandika mashuka meupe ya zamani, ili vumbi likiingia tulione sisi kabla ya mama mtu.

Sasa hilo gari la kujitengenezea lina maneno yake. La kwanza lilikuwa kelele, kwa-kwa-kwa, kila tukipita kwenye shimo. Kila tuliyemuuliza alisema shokamzoba zimekufa, nunueni nyengine. Tukalisimamisha gari uwanjani, injini imezimwa, mmoja akalitikisa kwa mikono na mwengine akaweka sikio huku na huku. Kelele ilikuwa inatoka juu. Bolti mbili za fremu zilikuwa zimelegea. Spana namba 12, dakika tano, na tangu hapo bolti zote nane tunazishika kila Alhamisi.

Njia hii hatukuipata gereji, tuliipata kwenye kozi ya ushonaji. Cherehani ikiruka mishono, asiyejua hushika bisibisi akakaza kila skrubu anayoiona, na mwisho cherehani inakuwa na maradhi matatu badala ya moja. Mwalimu wetu alitufundisha hivi: toa uzi utunge upya. Ikigoma, badilisha sindano. Ikigoma tena, ndipo utazame mkazo wa uzi. Kila ukigusa kitu kimoja, shona kitambaa kidogo uone. Unaanza na kile rahisi na cha bei ndogo, na hugusi viwili kwa pamoja, maana ukipona hutajua kilichokuponya.

Turudi kwenye rejeta. Ilianza Mfunguo Mosi, msimu wenyewe wa harusi. Mjini gari lilikuwa salama, hata kwenye msongamano wa Darajani. Tukishavuka Mahonda tu na kuongeza mwendo, sindano ya joto inaanza kupanda. Siku moja tukiwa na nguo ya biharusi wa Nungwi, karibu na Kinyasini, sindano ikafika kwenye alama nyekundu na mvuke ukaanza kutoka chini ya viti.

Tukazima, tukashuka. Mzee mmoja wa hapo akaja na ndoo ya maji, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, akataka kuufungua mfuniko.

"Baba, tunakuomba usiuguse," tukamwambia. "Maji ya humo sasa yanaruka usoni."

Hilo tunalirudia kwenu kwa herufi kubwa za moyoni: mfuniko wa rejeta haufunguliwi wa moto. Wala hummiminii maji baridi injini iliyochemka, chuma kinaweza kupasuka. Tulisubiri zaidi ya nusu saa. Simu ya mama wa biharusi ikaingia mara nne. Mara ya nne alisema maneno mawili tu: "Wanangu, magharibi." Tulifika adhana inaanza. Biharusi alivalishwa kwa haraka na hakuna mgeni aliyejua, lakini sisi tulijua. Nguo ya mtu mkononi mwako ni amana, na gari lililobeba amana ni sehemu ya amana hiyo. Dua ya kupanda chombo tunaisoma kila safari, na kabla ya dua tunatazama maji.

Kesho yake tukaenda gereji. Fundi akatutazama akasema, "Mwiteni mwenye gari."

"Wenye gari ndio sisi, fundi."

Akanyanyua kiti, akachungulia, akatoa hukumu: gasketi ya silinda hedi imeungua, laki tatu na nusu. Hakupima kitu. Tukamshukuru, tukaondoka na gari letu, tukaenda kwa jirani yetu, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, tukamwomba atufundishe gasketi mbovu inajulikanaje.

Alitufundisha hivi. Asubuhi, injini baridi, fungua mfuniko wa rejeta, washa gari, tazama maji. Yakitoa mapovu mfululizo bila kukoma, moshi wa ndani ya silinda unapenya kwenye maji. Yetu yalitulia. Fungua kifuniko cha oili: ikiwa ndani kuna kitu kama chai ya maziwa, maji na oili vimekutana. Yetu ilikuwa safi. Gari likishapata moto, tazama moshi wa nyuma: mweupe mzito usiokoma ni dalili mbaya. Letu halikutoa. Hatuwezi kusema vipimo hivi vinamaliza kesi, lakini hapakuwa na dalili hata moja ya kutufanya tutoe laki tatu na nusu.

Akatuuliza swali ambalo fundi wa kwanza hakutuuliza: linachemka likisimama au likikimbia? Kumbe hapo ndipo penye siri. Gari likichemka kwenye foleni na kutulia barabarani, shaka ya kwanza ni feni, kwa sababu ukienda kasi upepo wenyewe unafanya kazi ya feni. Likiwa kinyume chake kama letu, feni haina kesi. Tazama maji: yapo ya kutosha, yanazunguka, na upepo unapita vizuri kwenye rejeta? Na katika Carry rejeta iko mbele na injini iko chini ya viti, kwa hivyo maji yanasafiri kwenye mabomba marefu, na hewa ikinasa humo ni tabu tupu.

Tukaanza na cha bure. Maji yalikuwa yakipungua kila siku mbili, lakini makaratasi tuliyotandika chini ya gari usiku yaliamka makavu. Tukasafisha rejeta: mbele ilikuwa imejaa wadudu, vumbi na nyuzi. Tulitumia maji ya bomba yasiyo na nguvu, kutoka upande wa ndani kuja nje, na brashi laini, kwa sababu yale mapezi yanapinda upesi kuliko karatasi. Tukaenda Mkokotoni na kurudi. Sindano ilishuka kidogo. Maji bado yakapungua.

Ndipo tukauangalia mfuniko. Watu wanaudharau kama mfuniko wa sufuria, lakini kazi yake ni kubana. Maji ya wazi huchemka nyuzi 100. Yakibanwa yanapita hapo bila kuchemka, na yakizidi, mfuniko unayaruhusu kwenda kwenye kopo la akiba, halafu injini ikipoa yanarudi. Mpira wa mfuniko wetu ulikuwa mgumu kama gome na umepasuka, na pembeni pana michirizi mieupe iliyokauka. Maji yalikuwa yanatorokea hapo kila tukienda kasi. Tukanunua mpya, wenye namba ileile iliyoandikwa juu yake, maana namba hiyo ndiyo presha. Elfu kumi na mbili.

Tulipojaza tukatoa na hewa: injini ikiwa baridi, mfuniko wazi, tukawasha, na kile kitufe cha hita tukakisukuma mpaka mwisho wa joto. Katika kisiwa hiki hakuna aliyewahi kuwasha hita ya gari kwa hiari yake, lakini inafungua njia maji yapite mpaka mabomba ya ndani. Mapovu yalipokwisha tukaongeza, tukafunga. Safari tatu za Nungwi baada ya hapo, maji hayakushuka hata kidole.

Na maji yenyewe yasiwe ya kisima. Angalieni birika zenu za chai, ule ukoko mweupe unaobaki. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa, na ukoko huo unaganda ndani ya rejeta vilevile. Sisi tunatumia kulanti ya dukani iliyochanganywa tayari.

Ugonjwa wa pili ni wa pwani: chumvi. Tulikuwa Paje, picha za biharusi zimekwisha, tukawasha gari, tik. Mara ya pili, tik. Taa zikafifia. Kila mtu akasema betri. Tuna mita ndogo ya umeme, ya bei ya chini, tukapima betri: volti 12.6, ambayo ni betri iliyojaa. Tukaweka waya mmoja wa mita kwenye ncha ya hasi ya betri na mwengine kwenye chuma kitupu cha gari, tukawasha. Inatakiwa isome karibu na sifuri. Ilisoma zaidi ya 2. Maana yake ule waya wa kuunganisha betri na bodi umeziba kwa kutu, na betri mpya isingesaidia kitu. Tulifungua hasi kwanza, tukasugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukafunga na kupaka grisi. Ncha za betri zikiota unga tunaziosha kwa maji ya moto na soda ya mapishi.

Neno la mavazi, dada zetu, maana hili ndugu zetu wanaume hawatatwambia. Ushungi unaoning'inia na mkanda wa injini ni maadui. Injini ikiwa inazunguka hatuinamii juu yake na ushungi mrefu wala mikono ya buibui iliyolegea. Tunavaa dera, suruali ndani, mtandio umebanwa kwa pini nyuma. Na glavu kila mara, kwa sababu jioni mikono hiyohiyo inashika lesi nyeupe. Grisi ikishaingia kwenye kucha, mafuta ya nazi kwanza, ndipo sabuni.

Breki tunazikagua, hatuzifungui. Tunatazama kiwango cha mafuta yake na rangi, na kila asubuhi tunakanyaga pedali kabla ya kuondoka. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, na hewa yetu hapa imejaa unyevu, kwa hivyo fundi anayabadilisha kila miaka miwili, nasi tunasimama pembeni tukitazama. Pedali ikizama, gari haliondoki, hata kama ni Alhamisi ya harusi tatu. Ilishatokea. Tukakodi teksi, faida ikaenda, na nguo ikafika.

Yote haya tunayaandika kwenye daftari moja na vipimo vya mabiharusi, kurasa za nyuma. Mstari wa mwisho kwa sasa: mkanda wa altaneta unapiga mluzi asubuhi ukiwa na unyevu. Tumeukaza mara moja, mluzi umerudi, na ubavuni tumeona nyufa. Mpya tumeshaununua. Jumamosi inshaallah tunampelekea fundi aufunge, kwa sababu Jumapili kuna nguo mbili za Makunduchi.