Ukoga wa Mnazi: Kuutambua Mmea Mdogo na Makao Yake

Mwalimu wa sayansi anayepangiwa skuli ya Mkoani hana haja ya kulalamikia ukosefu wa vifaa kabla hajautazama mnazi ulio uani. Juu ya gamba lake, hasa pale maji ya mvua yanapoteremkia, huota mito midogo ya rangi ya kijani kilichofifia, yenye kimo cha sentimita moja hivi. Watoto huiita ukoga, kama wanavyouita utelezi wa birikani na utando wa kijani wa ukutani. Jina moja lililobebeshwa vitu vitatu humzuia mtoto asivione vyote vitatu.

Nilipolifundisha darasa la tano somo hili, sikuanza na jina la kitaalamu. Niliwataka wanafunzi waandike kwanza mmea unakaa wapi: mti gani, upande gani, kimo gani kutoka ardhini, juani au kivulini. Mambo haya hayapatikani tena mmea ukishabanduliwa. Mwalimu anayeingia darasani na kifurushi cha mimea mikavu ameiacha nusu ya somo mtini.

Lenzi hatukuwa nayo. Tulipinda waya mwembamba tukafanya kitanzi kidogo kama punje ya mtama, tukakichovya majini. Tone linalobaki humo hukuza vizuri, mradi mkono utulie na jicho lisogezwe karibu sana. Kwa tone hilo watoto waliona majani manene yaliyosongamana, kila moja kama ulimi mdogo. Haukuwa utando, basi. Mabaka ya kijivu yaliyogandamana na gamba, yasiyo na shina wala jani, tuliyaweka kando. Hayo ni kuvu na mwani wanaoishi kwa ushirika. Mmea wetu ulikuwa kuvumwani.

Mwanafunzi mmoja akauliza, "Mwalimu, kama haya ni majani, mbona meupe?" Swali hilo lilistahili kipindi kizima, nami nililipa. Tulidondosha maji juu ya mto mmoja, na kijani kikakolea. Jani la mmea huu lina matabaka ya seli tupu zenye vitundu, na kati yake zimefichwa seli za kijani zinazotengeneza chakula. Zile tupu zikijaa hewa, jani huonekana jeupe; zikijaa maji, kijani hujitokeza. Tena jani kavu hukatika kwa kuguswa tu, na kipande kikiangukia penye unyevu huweza kuota mmea mpya.

Kisha tukaenda kwenye ukuta mkongwe wa mawe ya matumbawe na chokaa. Huko pia palikuwa na kuvumwani, lakini ya namna nyingine: majani yake yalikuwa yamejikunja kwa jua, na tulipoyanyunyizia maji yakafunguka mbele ya macho yetu. Ile ya mnazini hatukuiona pale. Mmoja akasema sababu ni chokaa, mwingine akasema ni jua. Sikuamua, niliwataka wabuni jaribio la kuwaamua.

Jina nililitoa mwisho: *Octoblepharum albidum*, lililomo katika kitabu cha Johannes Hedwig, daktari wa Leipzig, kilichochapishwa mwaka 1801, yeye akiwa amekwisha kufariki mwaka 1799. Maana yake ni "kope nane, nyeupe-nyeupe". Kope hizo ni meno yanayouzunguka mdomo wa kikasha cha spora; kuvumwani nyingi zina meno 16, hii ina 8. Huota katika nchi nyingi za joto, na hupenda mno vigogo vya minazi na michikichi.

Ile ya ukutani sikuipa jina la spishi, kwa kuwa bila hadubini hatukuwa na alama ya kutosha. Mwenzangu mmoja aliona ni kujishusha mbele ya darasa. Sikubaliani naye hata kidogo: tuliandika "kuvumwani ya ukutani, majani hujikunja", na maelezo hayo yalikuwa ya kweli.

Wapo watakaouliza faida. Tamás Pócs, mtaalamu wa Hungaria aliyepata kufundisha Morogoro, alichapisha mwaka 1980 utafiti juu ya namna mimea midogo ya aina hii inavyonasa maji ya mvua na ukungu katika misitu ya milima ya Uluguru.

Anayetaka kulifundisha somo hili achague Masika au Vuli. Achukue kipande kisichozidi ukucha, akikunje ndani ya karatasi, kwani katika mfuko wa plastiki kitaoza, na juu yake aandike tarehe, mti, na upande wa mti.