Kulala Chali

Sisi Waganda asubuhi hatuulizani habari. Tunaulizana "Wasuze otya?", yaani umelalaje, na jibu ni "Bulungi", vizuri, hata kama ulikesha ukipigana na mbu. Nimelijibu swali hilo tangu utotoni bila kulifikiria. Likizo ndefu ya mwaka jana liligeuka kuwa swali la kweli, kwa sababu nilikuwa nimefanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti, na kwa wiki sita kulala ndiko kulikokuwa kazi yangu kubwa.

Nitaje sababu kwanza, maana baadhi ya wenzangu darasani walidhani nilitafuta urembo. Tangu kidato cha tatu mikanda ya sidiria ilikuwa imenichimba mifereji mabegani. Shingo iliuma, mgongo uliuma, na wakati wa joto ngozi ya chini ya matiti ilichubuka na kuwasha. Usiku nao haukuwa na nafuu. Nikilala chali, uzito ulipanda hadi kooni nikahisi nakabwa. Kifudifudi haikuwezekana kabisa. Nililala ubavu, na kila nilipotaka kugeuka ilinibidi niamke kwanza, nijibebe kwa mikono miwili, ndipo nigeuke. Baada ya upasuaji daktari aliniambia ametoa zaidi ya nusu kilo kila upande. Yaani kwa miaka yote hiyo nilikuwa nikipanda ngazi za hosteli na pakiti ya sukari ya kilo moja, na zaidi, kifuani.

Mwaka wa kwanza tulifundishwa "chali" na "kifudifudi" kama vielezi vya namna, tukavitungia sentensi na kusonga mbele. Maagizo ya muuguzi siku ya kutoka wodini, ukiyatafsiri, yalikuwa vielezi vitupu: chali kwa wiki za mwanzo, ubavu daktari akiridhia, kifudifudi si kabla ya wiki sita. Tena si chali ya kunyooka kama mkeka. Kiwiliwili kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, kama mtu anayesoma gazeti kitandani, ili uvimbe upungue na uzito usibane mishono. Mshono wangu una umbo la nanga: unazunguka chuchu, unashuka chini, kisha unafuata mkunjo wa titi. Ukijilalia mapema unaivuta nyuzi na kuzikandamiza sehemu zinazohitaji damu ili zipone.

Nilipelekwa nyumbani Masaka kwa gari la kukodi. Nilitia mto kati ya kifua na mkanda wa gari, na bado naweza kukutajia matuta ya barabara ile moja baada ya jingine.

Nyumbani walikuwa wamejiandaa kwa bidii. Mjomba alikuwa ametia matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwa, nami usiku wa kwanza nikateleza polepole hadi miguu ikagonga ubao wa mwisho. Kesho yake matofali yaliondolewa. Tukajenga mteremko juu ya godoro lenyewe: blanketi lililokunjwa, juu yake matakia mawili ya sofa, kisha mto wa kichwa. Mto mwingine ulikaa chini ya magoti, na huo ndio siri ya mambo yote. Magoti yakiinuka kidogo huteremki, na kiuno kinapumua. Mito miwili ya mwisho ilikaa kushoto na kulia, chini ya mikono, kama kingo za mtumbwi, ili nisigeuke usingizini. Sebule ilibaki na viti vya mbao vitupu. Wageni walikalia mikeka.

Kuna mambo ambayo karatasi ya hospitali haikuyataja. Haikutaja chandarua. Kukishusha kunataka uinue mikono juu ya kichwa, jambo nililokatazwa, na kukichomeka chini ya godoro kunataka ujipinde. Kwa hiyo kila usiku mtu mzima mwenzangu alinifunika na kunichomekea kama mtoto. Mtu huyo alikuwa shangazi yangu, ssenga, dada wa baba. Wasiotoka kwetu wajue kwamba ssenga ndiye anayemfundisha msichana mambo ya mwili na ndoa. Hakuupenda upasuaji huu tangu alipousikia. Hata hivyo alikuja na begi lake, akatandika mkeka kando ya kitanda changu. Kwa desturi ningempigia magoti kila asubuhi na kumsalimu. Akanikataza. Akawa yeye ndiye anayetangulia kuuliza nimelalaje, na nikimjibu "Bulungi" kwa mazoea alisubiri jibu lingine.

Vidonge vya maumivu nilimeza nusu saa kabla ya kulala, nisisubiri maumivu yaanze, kwa sababu yakishaanza usingizi haurudi upesi. Vile vikali vilifunga choo, na mapapai ya Ssenga yakafanya kazi yake. Sidiria ya hospitali, yenye zipu mbele, niliivaa usiku na mchana. Kuamka kwenda msalani nako kulikuwa na utaratibu: kunja magoti, geuka mwili mzima kwa pamoja, teremsha miguu, acha uzito wa miguu ukuinue, usijisukume kwa mikono. Mara za kwanza nilihitaji mkono wa Ssenga mgongoni.

Usiku wa tatu niliona doa la damu kwenye bendeji, nikatetemeka. Tulimpigia muuguzi simu. Akasema doa dogo lisiloongezeka si la kushtua. La kukimbilia hospitali ni titi moja kuvimba ghafla na kuwa gumu kuliko jingine, homa, usaha, harufu mbaya, au wekundu unaosambaa. Ssenga aliyarudia maneno hayo kwa sauti kama anayekariri sala, na tangu hapo alinikagua kwa tochi ya simu kila saa nne za usiku.

Ulikuwa usiku wa saba au wa nane. Umeme ulikuwa umekatika. Nilijua hajalala kwa sababu alipolala alikoroma. Akauliza gizani, "Mwanangu, mtoto wako atanyonya nini?"

Nilimweleza kama nilivyoelezwa kabla sijatia sahihi. Chuchu haikukatwa ikatenganishwa, iliachwa imeshikana na nyama yake na mishipa yake. Wako wanaonyonyesha vizuri baada ya hapo, wako wanaopata maziwa kidogo, na wako wanaokosa. Daktari hakuniahidi. Nikamwambia pia kuhusu kooni, jinsi nilivyokuwa nikiamka nikitafuta pumzi, jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu nyumbani. Alikaa kimya muda mrefu hadi nikadhani amesinzia.

"Mto wa kulia umeanguka," akasema. Akainuka, akafungua chandarua, akaurudisha, akakichomeka tena pande zote.

Wiki ya tano niliruhusiwa kulala ubavu, mto ukiwa umekumbatiwa mbele. Kifudifudi niliijaribu baada ya miezi miwili. Inawezekana, ingawa ngozi ya upande wa kushoto bado ina ganzi kidogo na huchomachoma kama miiba. Sikudumu nayo dakika tano. Hosteli nimebadilishana kitanda na mwenzangu, yeye juu mimi chini, na pamoja na ruhusa zote za daktari bado nalala chali, mto mmoja tu, mikono imetandazwa. Mwenzangu analalamika kwamba siku hizi nakoroma.