Picha ya Mgongo Haisemi Peke Yake



Mwaka jana tuliinua gunia la mchele hapa nyumbani kwetu Al Jaddaf, na papo hapo mgongo ukatushika, tusiweze kuinama wala kuinuka. Siku ya tatu mwanetu alitupeleka kwenye kliniki moja. Nasi, kwa kiburi cha mtu aliyesomesha miaka thelathini, tukadai eksirei kabla daktari hajatuuliza lolote. Tukapigwa, tukarudi na karatasi isemayo kwamba pingili za kiuno zimechakaa na nafasi baina yake zimepungua.

Neno hilo "zimechakaa" lilituumiza kuliko gunia. Kwa miezi miwili tuliswali kitini, hali hapana aliyetukataza kusujudu. Tuliacha kumbeba mjukuu wetu. Kila jioni tuliitazama karatasi ile kama mshitakiwa aliyekwisha kuhukumiwa. Na kadiri tulivyozidi kulala, ndivyo mgongo ulivyozidi kukakamaa.

Hatimaye tulimwendea daktari mwingine, mama wa makamo. Yeye aliiweka picha kando, akaanza kuuliza: maumivu yalianzaje, je, yanashuka mguuni? Haja ndogo yatoka kama kawaida? Tumepungua uzito, au tuna homa? Tuliwahi kuugua saratani au kifua kikuu? Kisha akatugonga magoti kwa kinyundo, akatutembeza kwa visigino na kwa ncha za vidole. Ndipo alipoichukua picha.

Alitueleza kwamba eksirei huonyesha mifupa: iliyovunjika, iliyopinda, iliyobonyea kwa udhaifu wa uzee, au iliyoliwa na maradhi. Gegedu zilizo baina ya pingili, na mishipa ya fahamu, hazionekani humo; hizo hutazamwa kwa MRI, mashine itumiayo sumaku. Na uchakavu kama wetu huonekana kwa watu wengi wa umri huu wasioumwa na chochote. Ni kama mvi. Tena eksirei ya kiuno humpa mtu mionzi mara kumi na zaidi ya ile ya kifua. Kwa sababu hizo, tangu mwaka 2007 chama cha matabibu wa Marekani kimeshauri kwamba si kila mgongo unaouma upigwe picha.

Röntgen alipoigundua mionzi hii mwaka 1895, aliupiga picha mkono wa mkewe. Mifupa ilionekana, na pete pia. Lakini hapana awezaye kusema kwa picha ile kama mkono ule ulikuwa ukiuma.

Tuliwakumbuka mafundi walioyaunda majahazi katika mtaa huu wetu, kando ya hori. Fundi hakihukumu chombo kwa kuyatazama mataruma peke yake. Kwanza humuuliza nahodha maji yanaingilia wapi.

Lakini msije mkatufahamu vibaya, ndugu zetu. Aliyeanguka kwa kishindo, mwenye homa au anayekonda bila sababu, aliyewahi kuwa na saratani, na mzee mwenye mifupa dhaifu, hao picha inawahusu. Anayekufa ganzi baina ya mapaja, asiyeweza kuzuia au kutoa mkojo, au ambaye miguu yake inalegea, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Na kwa sisi tutokao kwetu, ambako kifua kikuu bado kipo, tukumbuke kwamba maradhi hayo huweza kuingia mgongoni, na eksirei ya mwanzo ikaonekana safi. Basi mwambieni daktari habari zenu zote, na mwenye mimba aseme kabla ya kupigwa.

Sisi tulipewa mazoezi, tukaanza kutembea kandokando ya hori baada ya Alasiri. Maumivu hayakwisha yote, lakini paji letu limerudi kwenye msala, na mjukuu amerudi mabegani. Karatasi ile tumeitia kabatini.

Wabillahi tawfiq.