Mzizi, Kidonge na Kipimo

Sisi Wachagga mbege bila msesewe hatuiiti mbege. Gome la mti huo ndilo linaloipa pombe uchungu wake, na hakuna anayeliogopa. Watu wamelinywa harusini na misibani tangu enzi za mababu. Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusoma kwamba msesewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Rauvolfia caffra, una ndugu yake India, kichaka kifupi ambacho mzizi wake umewahi kutumika kutibu wagonjwa wa akili, kuanzia vijiji vya Bihar hadi hospitali za New York.

Habari hiyo ilinikuta ukoo wetu ukiwa umegawanyika. Binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, alianza kusikia sauti, akawa anashuku kila chakula anachopewa, kisha akaacha kulala kabisa. Nusu ya ukoo ilitaka apelekwe kwa mganga, nusu nyingine hospitali, na kila upande uliushutumu mwingine kwamba unataka kumuua kijana. Mama mdogo alikuwa upande wa mganga. "Mwanangu, hospitali watamlaza, hawatamponya," aliniambia. Baba yake mkubwa naye alikuwa akisema mganga atamnywesha sumu. Mimi nilikaa katikati nikisoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo ule ugomvi ulivyozidi kunishangaza.

Kile kichaka cha India kinaitwa sarpagandha. Mwaka 1931 madaktari Gananath Sen na Kartick Chandra Bose waliandika kwamba unga wa mzizi wake huwatuliza wenye wazimu na kushusha shinikizo la damu. Jambo hilo matabibu wa huko walikuwa wakilijua zamani. Wao waliliandika tu mahali ambapo madaktari wengine wangelisoma. Mwaka 1952 wakemia wa kampuni ya Ciba, Uswisi, walikitenga kiini cha mzizi huo, kikaitwa reserpini. Mwaka 1954 Nathan Kline akatoa taarifa ya wagonjwa aliowapa dawa hiyo katika hospitali ya Rockland, New York.

Na zile dawa za hospitali, zilizaliwa wapi? Ya kwanza, klopromazini, ambayo wazee wengi wanaijua kwa jina la Largactil, ilitengenezwa Ufaransa na Paul Charpentier mwishoni mwa 1950. Jean Delay na Pierre Deniker waliwapa dawa hiyo wagonjwa wa akili katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, mwaka 1952, uleule ambao reserpini ilitengwa. Shina lake ni fenothiazini, kemikali iliyotokana na utafiti wa rangi za viwandani huko Ujerumani katika miaka ya 1880, na ambayo baadaye ilitumika kuua minyoo ya mifugo. Nilipomsimulia baba mkubwa habari hii alikataa kuniamini. Dawa ya mganga ilikuwa na historia ndefu ya kutibu wazimu. Dawa ya daktari ilitoka kwenye ukoo wa rangi na dawa ya minyoo.

Halafu zote mbili zikakutana ndani ya ubongo. Arvid Carlsson, mtafiti wa Uswidi, aliwapa wanyama reserpini wakalegea, wakakaa bila kujongea. Alipowapa levodopa, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini, kemikali inayobeba ujumbe kati ya neva, wakachangamka tena. Hiyo ilikuwa 1957, na mwaka 2000 alipewa Tuzo ya Nobel. Reserpini humaliza akiba ya dopamini kwenye neva. Klopromazini na nduguze huziba mahali dopamini inapopokelewa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu vidonge vya saikosisi, yaani ugonjwa wa kusikia sauti na kushuku kama wa binamu, tulifundishwa na mzizi. Na madhara nayo yanafanana: mikono kutetemeka, mwili kukakamaa, shinikizo kushuka. Anayesema mti ni mpole kwa sababu umetoka porini hajawauliza wagonjwa. Bangi na miraa nazo ni majani ya asili, na nimeona zilivyowafanya vijana waliokwisha kuanza kuyumba.

Ikiwa mzizi ulifanya kazi, kwa nini reserpini haiandikwi tena kwa wagonjwa wa akili? Ilichelewa kufanya kazi, wengine ilichukua majuma kadhaa, iliharisha, ilishusha presha kupita kiasi, na baadhi ya wagonjwa waliingia katika huzuni nzito. Klopromazini ilituliza upesi zaidi. Zilishindana mbele ya watu waliokuwa wakihesabu nani amepata nafuu na nani ameumia, na moja ikashindwa. Hapo ndipo nilipouona upungufu wa mganga wetu. Dawa yake ya mzizi huenda ilikuwa na nguvu, ila kikombe chake cha leo hakikuwa sawa na cha jana. Kiasi cha alkaloidi, zile kemikali zinazofanya kazi ya dawa, katika mzizi hubadilika kwa umri wa mti, udongo na majira uliyochimbwa, na mganga hakuwa na daftari la waliorudi wala la wasiorudi. Nilimwuliza kwa adabu, "Mzee, mgonjwa akizidiwa unapunguza vipi?" Akanijibu kwamba mizimu ndiyo inayopima.

Hospitali kipimo kilikuwepo, kimeandikwa kwa miligramu. Binamu alipewa haloperidoli, na siku chache baadaye shingo ikampinda upande mmoja, ulimi ukawa mzito, mate yakawa yanamtoka. Ni dhara linalojulikana, na lina dawa yake, benzheksoli, kidonge cha bei ndogo. Hakuna aliyetuambia. Tulikabidhiwa vidonge kwenye bahasha ya kaki tukaambiwa turudi baada ya mwezi. Mama mdogo alimtazama mwanawe akasema wamemgeuza zezeta, akavitupa vidonge, na mimi sikuwa na la kumjibu. Yule mganga, pamoja na mizimu yake, alikaa na kijana kutwa nzima, akamwuliza zile sauti zinasema nini, akajua jina la mama yake na la bibi yake. Hospitali aliulizwa umri na kijiji.

Ndiyo maana namheshimu sana Thomas Adeoye Lambo, daktari wa akili wa Nigeria. Kuanzia 1954, kule Aro, Abeokuta, aliwapangia wagonjwa nyumba katika vijiji vya jirani, wakae na ndugu zao, waje hospitali kutibiwa na kurudi. Akawaita waganga wa Kiyoruba wafanye kazi pamoja naye, bila kuwaachia sindano na bila kuwacheka. Mwaka 1960 Raymond Prince, daktari kutoka Kanada, aliandika jinsi waganga wa Nigeria walivyokuwa wakitibu saikosisi kwa mzizi wa Rauvolfia vomitoria, ndugu mwingine wa msesewe wetu. Tanzania nasi tuna taasisi ya tiba asili Muhimbili tangu miaka ya 1970, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ya mwaka 2002. Ila kijijini kwetu mganga na daktari hawajawahi kukaa meza moja.

Tuliwakutanisha sisi wenyewe, kwa kubeba habari. Daktari mwingine, kijana, alikubali kupunguza kipimo na kumbadilishia binamu sindano ya mwezi, akaandika benzheksoli bila kuombwa. Alituuliza pia anakunywa nini kwingine. Kumbe hakuna aliyewahi kuliuliza swali hilo, ingawa mzizi unaoshusha presha ukikutana na dawa inayoshusha presha mtu anaweza kuanguka akienda chooni. Mganga naye, alipoelezwa, alikubali kuacha dawa ya kunywa. Binamu anakwenda kwake bado, kuoga na kuzungumza, na nesi wa zahanati anajua.

Amerudi shambani. Hajapona kwa maana ambayo mama mdogo aliitaka. Sauti bado zinamjia, anasema siku hizi zinanong'ona na anaweza kuendelea kupalilia. Kinachotusumbua sasa ni sindano yenyewe. Kuna miezi haipo zahanati, tunaambiwa tukanunue mjini, na bei yake inashindana na ada ya wadogo zake. Miezi hiyo wale wa upande wa mganga huanza kusema tena, na safari hii siwezi kuwaambia kwamba hawana hoja, kwa maana mzizi haujawahi kukosekana porini.