Ojwang' hakuwa Mjaluo

Wasee wangu wa Eastlands, hii nimeibeba kitambo.

Julai 2015, nikiwa darasa la sita, Mzee Ojwang' alifariki. Tulikuwa kwa dani, Kaloleni, tunatazama habari. Mtangazaji akataja jina lake halisi: Benson Wanjau. Manze, nilishtuka. Huyu mzee wa Vitimbi, bwanake Mama Kayai, na ile lafudhi ya Kijaluo imejaa hivyo, ni Mkikuyu?

Nikamuuliza dani kama alijua.

"Kitambo. Alituigiza vizuri kwa sababu alitusikiliza kwanza."

Sikuelewa hadi mwaka jana. Nilirekodi klipu nikiigiza mathe wa mboga wa ploti yetu vile anaongea. Watu walicheka, noma sana. Yeye hakucheka. Aliniuzia sukuma bila kuniangalia, na nyongeza hakuniwekea.

Hapo ndio nilishika maneno ya dani. Ojwang' alichekesha Kenya tangu KBC ikiitwa Sauti ya Kenya, na lafudhi ilikuwa nguo tu. Kilichochekesha ni mzee mwenyewe: kiburi chake, ujanja wake, na vile Mama Kayai alikuwa anamshika kila mara. Ukimwona, unamkumbuka mjomba wako, hata kama ni wa kabila lingine. Mimi nilileta lafudhi peke yake, bila mtu ndani.

Klipu niliitoa, nikaenda kuomba msamaha. Siku hizi nikitaka kuigiza mtu, namwonyesha kwanza. Asipocheka, siiweki.

Mathe ananisalimia sasa. Nyongeza bado haijarudi.