Ng'ombe wa chuo: tuulize ukubwa au maziwa?

Jioni moja tulikaa sita kuzunguka simu moja yenye chaji, tunatafuta vyuo vya kuomba nafasi. Mwenzetu akasoma kwa sauti: Harvard, mwaka 2024, ilikuwa na mfuko wa wakfu wa zaidi ya dola bilioni 53. Tukacheka. Mwingine akauliza, "Sasa hizo zinatuhusu nini sisi?"

Swali lilituuma, maana kati yetu alikuwepo dada yetu ambaye ufadhili wake ulikatika akiwa mwaka wa pili. Hakufeli. Mfadhili aliishiwa bajeti, basi. Akarudi kambini na begi lake.

Hapo tukaanza kuelewa. Mfuko wa wakfu ni kama ng'ombe: chuo hakimchinji, kinamkamua tu. Vyuo vingi vya Marekani hutumia karibu dola 4 au 5 katika kila 100 kwa mwaka, na zinazobaki zinaendelea kuzaa. Pesa ya mradi inategemea mfadhili ameamkaje. Maziwa ya ng'ombe, hata ukame ukija, yanapungua lakini hayakatiki siku moja.

Ila ukubwa peke yake usitudanganye, jamani. Sehemu kubwa ya pesa hizo imefungwa na waliozitoa: hii ya maabara, hii ya mshahara wa profesa. Sasa tazameni Berea, chuo kidogo cha Kentucky. Mfuko wake ni mdogo sana ukiulinganisha na wa Harvard, lakini wanafunzi wake hawalipi ada ya masomo tangu 1892. Kila mmoja anafanya kazi chuoni angalau saa 10 kwa wiki. Nafasi za wanaotoka nje ya Marekani ni chache, kweli, lakini mnaona walivyoamua maziwa yaende kwa nani.

Kwa hiyo siku hizi tukiona tangazo la chuo, hatuanzi na utajiri wake. Tunauliza matatu: Mnamlipia nani? Kwa miaka mingapi? Na mfadhili akijitoa katikati, nani anamalizia?

Nanyi ndugu zetu mnaofanya kazi na sisi, mkituletea fomu, mje na jibu la hilo la tatu. Dada yetu ameanza kujaza fomu upya. Safari hii ameanza na swali hilo.